Mawaridi Aliyoyaleta Baba Yako

Homa Bay, jioni ya kuamkia safari yako

Akinyi, nyara, binti yangu,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na ninajua hatakuachilia kabla hujala. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala ufunge mlango kwa komeo. Muuguzi ni wewe, na chuoni ulijifungia milango yako mwenyewe bila mimi. Nataka kukueleza kuhusu ile mikebe miwili ya mawaridi iliyo kando ya mlango wa jikoni, ambayo baba yako ameizungushia gunia isije ikatikisika njiani.

Asubuhi uliniuliza, "Mama, kwani huko Muhuru hakuna maua?" Nikakujibu yapo. Hukuuliza tena, ila nilikuona ukiitazama ile mikebe kama msafiri aliyebebeshwa mzigo na mtu asiyemjua. Sikulaumu. Mimi mwenyewe niliyashuku mawaridi hayo muda mrefu, na shuku yangu ilimfukuza mwanamke mmoja mahali alipopatia riziki. Ulikuwa bado mdogo, huendi popote bila ile kandambili yako iliyokatika, na hakuna aliyekueleza. Leo nitakueleza.

Unanijua. Mtu akinisalimia kwa furaha mno najiuliza anataka nini. Nusu ya tabia hii nilizaliwa nayo, nusu nimeipata kazini. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha za darasa zima hujifunza kunusa. Mtoto ambaye jana hakujua kuandika "shangazi", leo ameandika "macheo ya rangi ya dhahabu", wewe unajua kuna kaka nyumbani aliyeshika kalamu. Nilikuwa nawakamata karibu wote. Ubaya wa kukamata wengi ni kwamba unaanza kuamini pua yako haikosei.

Nayo mawaridi nilikuwa na sababu yangu ya kutoyaamini. Nilipokuwa msichana kule Asumbi, masista walikuwa na bustani ya mawaridi marefu, yamefungwa kwenye fito. Sisi wasichana ndio tuliopangiwa zamu. Tuliyapulizia dawa, tukayaokotea majani yenye madoa meusi, tukayakata, yakatukwaruza mikono mpaka viwiko. Mvua ikinyesha wiki moja, majani yote chini. Nilitoka pale nikiwa nimeapa kwamba waridi ni kama bwana mkubwa, halitosheki.

Sasa fikiria siku baba yako anarudi kutoka Suna, alikokwenda kununua vipuri, anashuka na kimche kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Baba yako! Mtu ambaye mikono yake inanuka petroli hata siku ya Krismasi, ambaye tangu anioe hajawahi kuniletea ua hata la kuchuma njiani.

"Hilo ni nini?" nikamuuliza.

"Waridi."

"La nani?"

"Letu. Nimelinunua tu. Anayeuza amesema halina shida. Halirefuki, halitaki fito, halitaki dawa. Hata ukilisahau, linachanua."

Niliingia ndani. Kitu kisichotaka chochote sijawahi kukiona duniani, na mtu akikuletea kitu cha namna hiyo, ujue gharama yake imefichwa mahali.

Alilipanda kwenye kile kipande chetu kidogo kati ya ukuta na ua wa mianzi, upande unaotazama ziwa. Aliinua udongo kwanza, akautengenezea tuta, kwa sababu udongo wetu mweusi ukishiba maji hauyaachi. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa amepiga magoti, anashindilia udongo kwa vidole polepole, na mdomo wake unacheza kama mtu anayesema na mtu. Nikasema moyoni: haya. Kuna jina analitaja hapo.

Sikulimwagilia. Kiangazi kilipokuja nikapita kando yake na ndoo ya maji nikiipeleka kwa sukuma wiki. Wadudu wadogo wa kijani wakajaa kwenye machipukizi, nikafurahi. Siku moja kwa hasira nikalimwagia maji ya sabuni niliyooshea vyombo, nikitumaini yataliunguza. Wadudu wakafa wao. Wiki zilizofuata likachanua, Akinyi, na halikuchanua ua moja kama yale ya masista. Kijiti kimoja kilibeba kichala kizima, maua mengi pamoja, rangi ya papai lililoiva. Wote waliopita kwenda ufuoni kununua samaki wakasimama. Mimi nikazidi kulichukia.

Akaleta la pili. Halafu la tatu. Kila akienda Suna alivaa shati safi, na kila akirudi alikuwa mnyonge, anakaa na chai mpaka inapoa. Nikimuuliza anasema amechoka. Mama Awuor, jirani yetu wa wakati ule, aliegemea ua akaniita kwa jina la kaka yako, akaniambia, "Min Omondi, mwanamume hapandi maua bure. Huyo kuna mtu anampandia." Nilimkemea, lakini alikuwa amesema tu kile nilicholala nacho kila siku.

Shule zilipofungwa nikaenda Suna. Baba yako nilimwambia naenda kununua vitambaa.

Sikutafuta sana. Kando ya barabara iendayo mpakani, baada ya safu ya wanawake wanaouza ndizi na viazi, palikuwa na miche kwenye mifuko myeusi: miparachichi, mipapai, na nyuma yake mawaridi mafupi, rangi ya papai. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa anachanganya samadi na mchanga. Mwanamke mdogo kuliko mimi, shingo ndefu, kitambaa cha kijani kichwani. Mzuri. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na baada ya hapo sikuona kingine.

"Hayo ni ya vichala, mama," akasema alipoona nayatazama. "Yanamfaa mtu asiye na nafasi kubwa. Unaishi wapi?"

"Homa Bay. Karibu na ziwa."

"Basi yatakupenda. Upepo wa ziwa unakausha umande mapema. Usiyabananishe tu, yaache yapumue."

"Yapo kwangu tayari," nikasema. "Mume wangu huniletea. Fundi wa injini."

Mkono wake ukasimama ndani ya samadi. Akainua macho, akayashusha. "Ah," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Basi. Hayo tu. Ile "ah" na yale macho kushuka, ndio ushahidi nilioutumia. Kama mtoto angeniletea insha yenye ushahidi wa namna hiyo ningempa sufuri.

Nilipaza sauti. Nilisema kwa Kiswahili, ili Mjaluo asikie na Mkuria asikie na dereva wa lori aliyetoka Tanzania asikie. Sitayaandika maneno yale hapa. Nilisema mwanamke huyu anauza maua kwa waume na kitu kingine juu yake, na nikawaambia wale wa ndizi na viazi wahesabu siku ambazo waume wao wamechelewa. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali, unakanyaga miche." Nikatazama chini, kweli nilikuwa nimesimama juu ya miche. Sikusogea.

Nilirudi nyumbani nimejaa ushindi. Baba yako alikuwa anakula. Nikamwambia nimemwona mtu wake, na sasa Suna nzima imemjua. Alirudisha tonge la ugali kwenye sahani.

"Umemwambia nini Robi?" akauliza.

Kumsikia akilitaja jina kukanikata. "Kumbe ana jina."

"Ana jina," akasema. "Ni mke wa Ochola."

Ochola nilimjua kama kila mtu ufuoni alivyomjua, kwa kifo chake. Mvuvi wa upande wa Mbita ambaye injini yake ilizimika katikati ya ziwa siku ya upepo, mashua ikajaa maji. Nilichokuwa sijui ni kwamba injini ile ilikuwa imetoka mikononi mwa baba yako wiki ileile. Kabureta mpya haikupatikana, akafunga ya zamani iliyotolewa kwenye injini nyingine, akaisafisha, akaiwasha, ikanguruma vizuri. Akamwambia Ochola, "Itakufikisha."

"Labda haikuwa kabureta," baba yako aliniambia. Alikuwa anatazama meza. "Labda petroli iliingia maji. Labda upepo tu. Injini iko chini ya ziwa, haitasema. Nilimkuta mkewe Suna bila kumtafuta, nikasikia wanamwita kwa jina la Ochola. Kwa kina Ochola alikataa kurithiwa na shemeji, akaondoka. Nilitaka kumwambia. Kila nikifika pale nafungua mdomo, halafu nanunua waridi."

Akinyi, nimesoma vitabu vingi vinavyosema mtu akijua ukweli hupata nafuu. Mimi sikupata. Kwanza sikumwamini. Nilikaa siku kadhaa nikiupima ule ukweli kama ninavyopima noti kwenye mwanga. Nilimuuliza yule mzee anayetengeneza mashua kama kweli injini ya Ochola ilipita kwa baba yako. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, kwa njia nyingine, kesho yake. Mzee akanitazama akasema, "Mwalimu, unataka nibadilishe jibu?"

Baba yako alipokwenda Suna tena, mahali pa miche palikuwa na mtu anayeuza viatu vya mtumba. Wale wanawake wa ndizi walikuwa wamemwambia Robi atafute barabara nyingine. Alikuwa amerudi kwao, Ntimaru.

Nikamfuata. Nilifika na sukari na leso mpya, kama mtu anayekwenda kuposa. Boma lao lilikuwa mbele ya shamba la mahindi, na Robi alikuwa anapukuchua mahindi na mama yake. Aliponiona alisimama, akaniwekea kigoda, akakaa mbali nami. Chai hakunipikia. Nilisema yote: kwamba nilikosea, kwamba mume wangu amenieleza, kwamba naomba samahani. Nilidhani naongea vizuri. Nilipomaliza akauliza:

"Umemaliza kuwatazama?"

"Kuwatazama akina nani?"

"Watoto. Tangu umeingia unawatazama watoto wa dada yangu, mmoja baada ya mwingine. Unatafuta pua ya mume wako."

Mwanangu, ilikuwa kweli. Nilikuwa natoa samahani kwa mdomo, na macho yangu yanakagua. Sikujua nafanya hivyo mpaka aliposema. Hata leo nikiikumbuka ile dakika nahisi joto masikioni.

Mama yake akacheka, cheko fupi kavu, akaendelea na mahindi.

"Samahani yako nimeisikia," Robi akasema. "Lakini umeileta hapa, nyuma ya mahindi, wanaposikia mama na kuku. Matusi uliyatoa barabarani."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda. Sukari aliipokea mama yake, leso Robi alinirudishia.

Ilinichukua muda kukubali. Nilijiambia mimi ni mwalimu, wazazi wa wanafunzi wangu wanapita Suna, nitajivunjia heshima. Nilimshuku hata Robi, kwamba anataka tu kuniona nikiaibika. Labda alitaka. Alikuwa na haki. Mwishowe ni baba yako aliyesema, siku anakata mawaridi kwa kisu cha jikoni, "Twende wote. Nami nina langu." Alimtumia ujumbe kwa dereva, na siku ya soko tukamkuta pale barabarani, amesimama na mikono imefungwa kifuani.

Nilisema kwa Kiswahili kilekile, kwa sauti ileile. Nikawaambia: mimi ndiye niliyemtukana mwanamke huyu hapa, nilisema uongo, sikuwa na ushahidi, hakuwahi kunikosea. Usifikiri watu walipiga makofi. Mwenye ndizi mmoja alimwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Huyu amelishwa kitu." Mwingine akasema labda mume ametupiga wote wawili tukapatana kuwa wake wenza. Hiyo ndiyo shuku, Akinyi. Ukishaimwaga barabarani haizoleki, hata na aliyeimwaga.

Lakini mama mmoja mnene wa viazi, ambaye hakusema neno siku zote mbili, alivuta magunia yake kando, pakatokea nafasi ya mtu mmoja. "Rudisha miche yako, Robi," akasema. "Kivuli kilikuwa kizuri ulipokuwepo."

Kisha baba yako akamwambia Robi habari ya kabureta. Nilisogea, lakini nilisikia. Robi alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Nilijua una kitu," akamwambia. "Mtu wa petroli hanunui waridi kila mwezi kwa sababu anapenda waridi. Mwanzoni nilifikiri wewe pia unataka kunirithi. Nikawa nimeweka panga chini ya magunia kwa ajili yako." Akaifungua mikono yake kifuani. "Ochola na wenzake waliondoka ufuoni wakiona mawingu. Wenzake walirudi, yeye akaendelea. Alikuwa hasikii, tangu nimemjua. Injini sijui. Hujui wewe, sijui mimi. Ila ungekuja siku ya kwanza ukaniambia, ningekutukana mara moja tukamaliza. Wewe ukanifanya nikuogope mwaka mzima."

Baba yako alisema tu, "Mos, Robi. Pole." Naye akaitikia kwa kichwa. Tulirudi nyumbani bila waridi.

Hatukuwa marafiki wa kuandikiana. Lakini alikuja hapa mara moja, alipokuwa na safari ya hospitali, akayaona mawaridi yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimegeuka, nayamwagilia asubuhi na jioni, nayawekea samadi kila nikikumbuka. Majani yalikuwa ya njano, moja limekwisha kufa. Alichomeka kidole udongoni akakitoa na tope. "Mwalimu," akasema, "umeyazamisha." Akakaa pale kivulini akanieleza, na ninayokuambia wewe ni yake.

Huko Muhuru umepewa nyumba yenye kiuwanja kidogo mbele, nimeona picha. Panda mahali jua la asubuhi linapofika, umande ukauke mapema. Madoa meusi hupenda majani yanayolala na maji. Usiyapande kwenye kona ambako maji ya mvua hukusanyika. Inua tuta. Acha nafasi kati ya moja na jingine, upepo upite, lakini yakinge kidogo na ule upepo mkali wa ziwa, hata kwa ua mfupi wa fito. Gugu maji lililokaushwa likawekwa juu ya udongo hushika unyevu. Lisiguse shina tu. Mwagilia chini, si juu ya majani, na ukiona udongo bado una unyevu, nenda ukafanye kazi nyingine. Kabla ya mvua za masika yakate yafike gotini, usiyaonee huruma. Yale maji ya kuoshea omena usiyamwage hapo, paka wote wa Muhuru watakuja kufukua. Baada ya hapo yaache. Kweli hayahitaji mengi. Nilikataa kuamini, na sasa naamini, ingawa mara mojamoja bado nachungulia chini ya majani.

Ziwa lilipopanda, ulikuwa sekondari, unakumbuka tulivyoyang'oa kwa ndoo na kuyapandisha juu karibu na barabara, na kiboko akaja akala sukuma wiki yote akayaacha mawaridi. Yaliyo kwenye mikebe ni vipandikizi vya hayo. Baba yako ndiye aliyeyaotesha. Hakusema ni ya nini mpaka barua yako ya kazi ilipokuja.

Siwezi kukuambia usishuku watu. Ningekuwa mnafiki, na huko uendako ni mpakani, wapo wa kushukiwa. Yule mwenye nyumba anayesema maji hayakatiki kamwe, mimi simwamini. Yule mwenzako wa kazi aliyekuita "dada" kwenye simu kabla hajakuona, sijui. Lakini mimi nilipoona macho ya mtu yakishuka, nilidhani nimeyasoma, kumbe hofu ya mjane na aibu ya mwenye dhambi huonekana sawa ukiwa umesimama na hasira. Laiti ningekaa chini. Ningemuuliza, "Ulisema 'ah' kwa nini?" Swali hilo tu.

Sasa la mwisho, kisha nipike, maana baba yako ameshapita mlangoni mara nyingi akijifanya anatafuta bisibisi.

Leo mchana nilifungua begi lako. Nilijiambia naweka sabuni. Chini, chini kabisa ya sare zako, nimekuta shati la bluu la mwanamume, la kola, kubwa kuliko mabega ya baba yako. La Omondi si hilo; kaka yako hajawahi kumiliki shati la kola. Nilikaa kitandani mwako nalo mapajani. Nililinusa, nakuambia ukweli, mimi ni mama yako. Nikafikiria watu watano. Nikafikiria nikuite, nikafikiria nimpigie rafiki yako Adhiambo, kwa hila, kana kwamba nauliza habari nyingine.

Sikupiga. Ulikuwa umelikunja vibaya, mikono imeingia ndani, lingefika limejikunja lote. Nimelipiga pasi, nikalikunja upya, nikalirudisha palepale.

Sijauliza, Akinyi. Siku ukitaka kuniambia, nitakuwa nimekaa.

Mama yako